Sindano Iliyomngoja Mjomba

Kambi ya wakimbizi ya Meheba, Zambia, 11 Machi 2009. Huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu nivuke mpaka kutoka Angola.

Dada yangu Nasombo,

Muhogo uliouacha uliporudi nyumbani umestawi, na paa nimeliezeka upya. Binti yako Kapinga amejifungua mtoto wa kike. Ni mdogo, ila analia vizuri.

Nisikufiche mengine. Jana alfajiri Kapinga alivimba uso, akalalamikia kichwa, kisha akashikwa na kifafa cha mimba. Zahanati ilikuwa na sindano ya magnesiamu tayari, lakini wakwe zake walimzuia muuguzi mpaka mimi nije nitoe ruhusa. "Huyu ana mjomba wake. Akitufia mikononi tutamjibu nini?" Mimi nilikuwa shambani. Nilipofika, alikuwa amekakamaa mara ya tatu.

"Babu, mnangoja ruhusa au maiti?" muuguzi aliniuliza.

"Mchome, mwanangu."

Alimchoma matako yote mawili. Kifafa kikakoma, mtoto akazaliwa. Sasa kabla ya kila dozi humgonga goti kwa nyundo ndogo. Mguu ukiruka, dawa haijazidi. Leo asubuhi uliruka, na Kapinga akanong'ona, "Mjomba, mwambie aache kunipiga." Lakini presha haijashuka, wala hajaulizia mtoto.

Nilikuahidi kwamba akijifungua ningekufuata Angola. Nimewaambia wakwe wasinisubiri tena siku nyingine. Wameitikia kwa heshima, na najua watasubiri. Nikiwa huko, watasubiri zaidi.

Sitarudi Angola.

Kaka yako,
Sapalo