Tuta la Protus

Busia, 12 Januari 1964

Ndugu yangu Protus,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya Baba. Tangu mto Nzoia utufukuze Budalang'i yuko hapa kwangu Busia, na kila anayepita anaambiwa kijana wangu amemaliza masomo Kanada, anakuja kujenga tuta la kuzuia mto. Mvua ni Machi. Sema ukweli, unakuja lini?

Dada yako, Nerima

Kanada, 2 Februari 1964

Dada Nerima,

Barua imefika, mimi ni mzima. Siji. Mji huu unawapa wageni waliosoma hapa pesa na nyumba wakikubali kubaki miaka mitano, na nimetia sahihi. Nao wana mto wao wa kulinda. Usinichukie. Nusu ya pesa nawatumia. Baba anunue shamba Matayos, kwenye mwinuko, asirudi tena kule chini.

Ndugu yako, Protus

Busia, 9 Machi 1964

Ndugu yangu,

Umeamkaje? Mimi nimeamka na hasira. Baba alilia, halafu akachukua pesa zako akaenda Budalang'i. Shamba hakununua. Ameandika watu wa majembe, wanajenga tuta kwa ule mchoro uliotutumia mwaka wako wa kwanza. Limefika kifuani. Watu wamerudi na watoto na ng'ombe, wamejenga nyuma yake. Anasema kama Protus hawezi kuja, kazi yake itakuja.

Dada yako, Nerima

Kanada, 19 Machi 1964

Dada,

Sina nguvu ya salamu. Mchoro ule nilichora kumfurahisha Baba tu, nilikuwa sijui kitu. Udongo wa pale mtoni una mchanga, haushiki. Tuta litazuia maji kwa muda halafu litapasuka mara moja, na hiyo ni mbaya kuliko mto wenyewe, kwa sababu watu wamelala wakiliamini. Mtoe Baba. Watoe wote. Nimeomba kuja, wanasema nirudishe pesa kwanza, na pesa ziko ndani ya hilo tuta. Nakupigia magoti, dada.

Ndugu yako, Protus

Busia, 4 Mei 1964

Protus,

Pole, na mimi unipe pole. Nilienda, nikamsomea Baba barua yako akiwa amesimama juu ya tuta. Alicheka. Alisema mtoto anaona haya kwa sababu hakuja, ndiyo maana anatukana kazi yake mwenyewe. Wengine walimsikiliza yeye. Tuta lilishika karibu mvua yote ya Aprili, wakakusifu. Jumatatu iliyopita lilipasuka. Maji yalimchukua Baba na watoto watatu wa jirani yetu Aluka.

Kule hakuna mahali pakavu pa kuchimba kaburi. Tumemzika Matayos, kwenye shamba la watu.

Waliopona wamekataa kuhama. Wanasema lilishika mwezi mzima, kosa ni kwamba lilikuwa fupi. Jana walikuja hapa kuomba ule mchoro, na aliyeuomba ni Aluka mwenyewe. Niwaambie nini?

Dada yako, Nerima