Jina la Tekla

Ifakara, Alhamisi, Aprili 1996

Mvua tangu asubuhi. Viatu nimeviacha mlangoni, vimejaa tope mpaka ndani. Sijala chochote.

Leo imesomwa hukumu ya Baba Jeni na Mama Jeni. Niandike kwa utaratibu, la sivyo nitaishia kuandika matusi.

Baba Jeni ndiye mwenye mashine kubwa ya kukoboa mpunga hapa mjini. Ana malori mawili, na ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi katika shule ninayofundisha hisabati. Mkewe ana duka la vitenge. Binti yao, Jeni, nilimfundisha miaka minne. Ni mpole, hana ubaya na mtu, ila vitabu na yeye havikupatana kabisa. Mtihani wa kidato cha nne alipata sifuri.

Darasa hilohilo alikuwemo Tekla, binti wa Mzee Anselmi, mkulima wa Mchombe. Tekla alifaulu vizuri. Alikuwa ameomba ualimu, na fomu tuliijaza pamoja mezani kwangu. Kwenye anwani aliandika sanduku la posta la Baba Jeni. Halikuwa jambo la ajabu. Nusu ya watu wa Mchombe barua zao zilipitia sanduku hilo, kwa sababu lori la Baba Jeni lilikwenda kule kila wiki kuchukua mpunga, na dereva alizishusha pamoja na magunia matupu.

Barua ya Tekla ya kuitwa chuoni ilifika Ifakara. Mchombe haikufika.

Aliyekwenda chuoni ni Jeni. Alikwenda kwa jina la Tekla na cheti cha Tekla, na picha yake mwenyewe ikiwa imebandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Chuo kiko mkoa mwingine, hakuna aliyewafahamu. Akasoma huko mwaka wa kwanza, akaingia wa pili. Muda huo wote Tekla alikuwa kijijini, analima na baba yake, na msimu wa mavuno anakwenda vibarua Mngeta. Aliamini hakuchaguliwa.

Jinsi mambo yalivyofumuka, Mzee Anselmi aliyaeleza alipotoa ushahidi mwezi uliopita. Jeni alishikwa na malaria kali, akalazwa. Mkuu wa chuo akamwomba mkufunzi mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Mlimba apitie Mchombe awape wazazi taarifa, kwani jina la kijiji lilikuwa bado limeandikwa kwenye ile fomu ya kwanza ya maombi. Mkufunzi akamkuta Mzee uani, anaanika mpunga.

“Shikamoo, Mzee. Nimetumwa na chuo. Binti yako Tekla amelazwa.”

“Marahaba. Tekla yupi?”

“Tekla wako, Mzee. Yule wa mwaka wa pili.”

Mzee akageuka akaita kuelekea jikoni: “Tekla, hebu toka. Kuna mgeni hapa anasema unaumwa.”

Mahakama nzima ilicheka siku ile. Na mimi nilicheka. Halafu nikamwangalia Tekla kwenye benchi la mbele, mikono yake ameibana katikati ya magoti, nikaona aibu.

Hakimu leo alisoma kwa saa nzima. Baba Jeni amefungwa mwaka mmoja na nusu kwa kughushi. Mama Jeni amepewa faini, akishindwa aende jela miezi sita. Hakushindwa. Alifungua mkoba palepale na noti zilikuwa tayari zimefungwa kwa mpira. Alikuja akijua. Alichokuwa hajui ni adhabu ya mumewe, na aliposikia neno jela alipiga ukelele mmoja, kisha akakaa chini sakafuni na kitenge chake kizuri.

Jeni hakushtakiwa. Alikubali kuwa shahidi wa serikali dhidi ya wazazi wake, na chuo kimeshamfukuza. Siwezi kumsahau alivyosimama pale akatoa ushahidi. Mwendesha mashtaka alimuuliza maisha ya chuoni yalikuwaje. Akasema, kwa sauti ya mtoto mdogo, “Walipokuwa wakiita Tekla nilichelewa kuitika. Wakufunzi wakadhani sisikii vizuri. Wakanihamishia dawati la mbele.”

Nilimhurumia. Bado namhurumia. Baba yake ndiye aliyempangia, mama yake ndiye aliyemfungia sanduku la safari, yeye akapanda basi akiwa mtu mwingine. Lakini alikuwa na miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa inatosha kujua jina lako.

Kilichonichafua roho leo ni huruma za watu.

Kabla adhabu haijatajwa, wakili wao alisimama kuomba wapunguziwe. Akasema washtakiwa ni watu wanaoheshimika, wamechangia ujenzi wa kanisa na zahanati, na kwamba walisukumwa na mapenzi ya mzazi kwa mtoto wake. Mwishoni akasema, “Mheshimiwa, katika jambo hili hakuna aliyeumia.”

Tekla alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale alipokuwa amesimama.

Tulipotoka, kwenye kibaraza, akina mama wa jumuiya ya kanisani walimzunguka Mama Jeni. Pole mama. Mungu atakusimamia mama. Mmoja alimfunika kanga mabegani. Mwingine alikuwa analia kuliko mwenye msiba. Nikasikia mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mwenye digrii, akisema, “Ni mzazi gani asingefanya hivyo kama ana uwezo?” Wakaitikia kwa vichwa, mmoja mmoja.

Mzee Anselmi na Tekla walikuwa upande wa pili wa kibaraza hichohicho, wanasubiri mvua ipungue. Walikuja jana kwa treni, wakalala kwa ndugu yao. Hakuna aliyewapa hata mkono. Watu walipita karibu nao kana kwamba wao ndio wamefungwa.

Nikiwa nimesimama pale katikati, kaka yake Mama Jeni akamfuata Mzee Anselmi. Alimwamkia kwa adabu zote. Akamwambia familia imekaa, imeona isiishie kwenye uadui, wako tayari kumpa binti cherehani mpya kabisa, bado ipo kwenye boksi, ajifunze kushona, maisha yaendelee.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, “Hiyo cherehani imeandikwa jina la nani?”

Yule bwana hakuelewa. Akasema inaweza kuandikwa jina lolote.

“Ndiyo nilivyodhani,” Mzee akasema, akageuka kuitazama mvua.

Nilitaka kwenda kumshika mkono. Sikwenda. Mama Jeni alikuwa ameshaniona.

Alikuja hadi niliposimama, kanga ya watu mabegani, macho mekundu. Nilimwambia pole. Ndiyo, hata mimi nilimpa pole, ulimi ulizoea. Yeye hakuitikia pole yangu.

“Mwalimu, umekula kwangu,” aliniambia.

“Nimekula,” nikasema.

“Na bado ukaenda kusimama shahidi dhidi yetu mahakamani. Ungekuwa na mtoto ungenielewa.”

Akaondoka na wanawake wake. Mimi sikupata mtoto, na mji mzima unajua. Alilichagua neno lile kwa makusudi na lilinipata pale alipolenga. Lakini sasa nikiwa hapa nyumbani naona kwamba hilo la mtoto linauma kwa muda tu. Linalobaki ni lile la kwanza.

Nimekula kwake.

Miaka minne iliyopita upepo uling'oa bati za nyumba yangu, Baba Jeni akaleta bati mpya na fundi, hakutaka nimlipe. Krismasi nilikuwa naletewa mchele. Jeni alipokuwa anaagwa kwenda chuoni, nilialikwa, nikakaa meza ya mbele, nikala pilau na kuku. Mimi niliyesahihisha madaftari yake miaka minne. Mimi niliyeyaona matokeo yake kabla yake yeye. Nilikaa pale nikapiga makofi, Baba Jeni aliposema binti yake amepata chuo cha ualimu.

Na kabla ya sherehe hiyo, kama wiki tatu hivi, Baba Jeni alikuja ofisini. Mkuu wa shule alikuwa safarini na funguo za kabati la vyeti nilikuwa nazo mimi. Akasema Mzee Anselmi amemtuma achukue cheti cha Tekla, yeye si anakwenda Mchombe kila wiki. Utaratibu unasema mwanafunzi aje mwenyewe, au mzazi aje na barua. Sikuuliza barua. Nilimpa, akasaini kitabuni, tukaongea habari za bei ya mpunga.

Siku ya ushahidi mwendesha mashtaka aliniuliza, “Ulipompa cheti, ulijua atakifanyia nini?”

“Sikujua.”

“Na baadaye?”

“Baadaye pia sikujua.”

La kwanza ni kweli. La pili si kweli.

Leo hakimu katika kusoma kwake amefika kwangu. Akasema shahidi wa tatu, mwalimu, alikuwa mwaminifu na aliisaidia mahakama. Watu waligeuka kunitazama. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilijua kuwa sifa ile si yangu.

Kwa maana Tekla alinijia. Ilikuwa mwezi mmoja baada ya ile sherehe. Alitembea sehemu ya njia, sehemu akapewa lifti na trekta, akafika shuleni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akapiga goti kidogo kama wanavyofunzwa wasichana wa kule. Akaniomba nimsaidie kuandikia chuo, kuuliza kama jina lake limo, kwa sababu wenzake wenye alama za chini kuliko yeye walikuwa wameshaitwa. Halafu akauliza cheti chake. Nikamwambia cheti nimempa Baba Jeni ampelekee. Akasema hajaletewa.

Hapo nilielewa. Si yote, lakini ya kutosha. Niliviona kwa pamoja cheti, na sherehe, na ile pilau. Nikamwambia Tekla nafasi ni chache, asubiri, huenda mwakani. Kuhusu cheti nikasema nitafuatilia.

Sikufuatilia. Nilimpa soda, akanywa, akashukuru, akaondoka.

Watu wote niliokuwa nawachukia leo pale kibarazani, wenye pole zao, wana nafuu kuliko mimi. Wao hawakumtazama Tekla usoni wakamwambia asubiri.

Hayo nisingeyaandika hata hapa, kama isingekuwa kilichotokea mchana. Mvua ilipopungua nilikuwa nafungua mwavuli niondoke, Tekla akaja. Peke yake, baba yake alibaki kibarazani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, Tekla.”

Alikuwa ameshika bahasha ya kaki. Mahakama imemrudishia cheti chake. Nyuma kimepigwa muhuri wa kielelezo, kona moja imekunjwa. Akaniambia chuo kimesema aombe upya na wenzake wa mwaka huu, na fomu ataipeleka mwenyewe kwa mikono yake. Nikamwambia ni vizuri, nikamwambia nitamwandikia barua ya kumsifu. Nilianza kuongea haraka, namna ile ninavyoongea nisipotaka kuulizwa.

Akaningoja nimalize.

“Mwalimu, siku ile nilipokuja, ulikuwa unajua?”

Ningeweza kusema sikujua. Nilishalisema mbele ya hakimu na limeandikwa. Lakini alikuwa ananitazama vilevile alivyokuwa ananitazama ubaoni, anasubiri hatua inayofuata.

“Nilihisi,” nikasema.

Hakulia, hakunitukana. Aliipangusa bahasha maji ya mvua kwa kiganja.

“Basi hiyo barua ya kunisifu usiniandikie,” akasema. “Andika hilo.”

“Niliandike kwa nani?”

“Mwalimu ni wewe. Unajua linakopelekwa.”

Kisha akaniaga kwa heshima zote, akarudi kwa baba yake, wakatoka pamoja kwenye manyunyu kuelekea stesheni.

Nimerudi nyumbani nikakaa na kalamu. Sasa inakaribia saa kumi na mbili jioni, mwanga unaanza kuisha. Nimechana karatasi tatu. Ya kwanza ilianza na miaka yangu ya utumishi. Ya pili ilieleza habari za bati. Ya tatu ilimlaumu Mkuu wa shule kwa kuniachia funguo. Nilipoisoma hiyo ya tatu nilijisikia kama nimeshika kitu kilichooza.

Najua nitakachopoteza. Kusema uongo mahakamani ni kosa, na huenda na mimi nikasimama palepale aliposimama Baba Jeni. Wale akina mama hawataniletea kanga. Naogopa, na hofu hiyo sitaki kuificha humu.

Karatasi ya nne ina mistari sita tu. Ni ya hakimu, nakala kwa Afisa Elimu. Inasema Tekla alinijia, inasema alichoniuliza, inasema nilichomjibu na kwamba nilipokuwa namjibu nilikuwa nimeshahisi, nikanyamaza. Nimetia sahihi jina langu kamili, majina yote matatu.

Kesho Ijumaa mahakama inafunguliwa saa mbili. Kipindi changu cha kwanza ni saa mbili na dakika arobaini. Nitaipeleka kwanza.