Da Siti, Diski Imetoka

Da Siti,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, kwenye rehema za Mola. Ningeanza kwa kukueleza tunavyokulilia, lakini hilo unalijua. Leo nakuandikia nikiwa na hasira, na ni hasira njema, kwa hiyo nisikilize.

Siku tulipomaliza matanga yako, Ba'mdogo Hamisi aliuchukua ufunguo wa duka lako la kompyuta. Hakuuliza mtu. Aliutoa msumarini pale ukumbini kwa Mama, akautia mfukoni mwa kanzu, akasema duka haliachiwi mtoto wa kike. Mtoto wa kike ni mimi, niliyekaa nawe pale Ukunda tangu mashine ilipoletwa imeviringishwa blanketi. Mama alinifinya mkono, akaninong'oneza, "Mwenye nguvu mpishe." Nilimpisha, maana nyumba ilikuwa bado na wageni.

Kisha akamleta fundi kutoka Mombasa. Fundi sina ubaya naye, alifanya alichoagizwa. Alibadilisha neno la siri la mashine, akafuta ile mistari yako ya amri uliyohangaika nayo Ramadhani nzima, ile ya kuifanya kompyuta ipokee diski yenyewe. Nilisimama mlangoni nikaiona ikifutika. Dada, nililia kuliko nilivyolia siku ya maziko, na sioni haya kusema.

Unakumbuka mwanzo ilivyokuwa? Mteja anasukuma diski yake ndani ya kile kisanduku cha buluu kilichounganishwa nyuma ya kompyuta, na kompyuta haimtambui, mpaka mwenye neno la siri aje aandike amri. Kutoka ndiyo balaa zaidi. Diski ikishapokelewa, kisanduku kinaing'ang'ania, ubonyeze kitufe mpaka kidole kiume, haitoki hadi mwenye mashine aandike amri nyingine. Ulikuwa ukienda kuswali watu wanakungoja kibarazani, kazi zao zimo ndani. Ukachoka. Ukasema, "Mtu apige hodi mwenyewe, aitikiwe, na akitaka kuondoka asishikwe nguo."

Ukaandika mistari yako. Mtu akifungua diski yake, kompyuta inaipokea. Akiiacha kidogo bila kuigusa, inaiachilia yenyewe. Mteja kazi yake moja tu, kungoja taa ya kisanduku izime ndipo abonyeze. Hata hiyo ilimshinda Mama Mutheu, yule Mkamba anayeuza vinyago ufukweni. Ulimwambia asubiri taa izime, naye akakodolea macho balbu ya dukani mpaka umeme wa Ukunda ulipokatika. Ulicheka hadi ukakaa chini.

Ba'mdogo alitaka yale ya mwanzo yarudi. Eti usalama wa duka. Usalama gani? Alitaka kila anayeingia amwombe yeye, na kila anayetoka amwombe tena.

Na nikuambie kwa nini. Ile barua ya akina mama wa ufukweni uliyokuwa unawachapia, ya kupinga kufungwa kwa njia ya kwenda baharini, uliiacha nusu. Kile kiwanja kinachopitiwa na njia hiyo kimeuzwa, mnunuzi anataka kuzungusha ukuta, na njia yao itakuwa ndani ya ukuta. Bila njia hawafiki kwa watalii, na bila watalii hawali. Sasa anayetembea na mnunuzi akimwonyesha mipaka ni nani? Ba'mdogo wetu.

Mama Mutheu alikuja na diski ya chama chao ili barua imaliziwe, kwa kuwa Ijumaa walikuwa wanasikilizwa na serikali huko Kwale. Ba'mdogo aliipokea kwa tabasamu, mimi, ambaye alinibakiza kuwa mchapaji wake, nikachapa sehemu iliyobaki. Yeye alikuwa nyuma ya bega langu anasoma. Nilipomwomba aandike amri ya kuitoa, alisema printa ina kasoro na diski itatoka akipata nafasi. Jumatatu hakupata nafasi. Jumanne hakupata. Mama Mutheu alikuwa anakuja, anabonyeza kile kitufe, anarudi zake. "Hii kitu imekula karatasi zetu," aliniambia, na mimi nikashindwa kumtazama usoni.

Alhamisi mchana Ba'mdogo alikuwa kibarazani anakunywa kahawa na watu wa mnunuzi. Niliingia, nikaketi kwenye kiti chako, nikaizima kompyuta na kuiwasha tena. Mwanzoni kabisa, kabla haijaamka vizuri, niliandika yale maneno mawili uliyonifunza, na mashine ikanifungulia kama mwenyewe, bila kuuliza neno la siri la mtu. Ningeweza kuitoa diski na kukimbia. Sikukimbia. Nilirudisha mistari yako yote, mmoja mmoja, kama ulivyokuwa unanisomea nikiandika. Nikabadilisha na neno la siri. Kisha nikachapisha barua, na unaijua ile printa inavyopiga kelele.

Ba'mdogo akaja mbio, kikombe mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo, Ba'mdogo," kwa sababu ulinilea hivyo. Nikamwambia pia kwamba sitoki kwenye kiti. Aliniita mtovu wa adabu mbele ya wageni wake, nami nikaitika naam. Mama Mutheu alikuwa amesimama kando ya kisanduku. Safari hii aliitazama taa yenyewe. Ilipozima akabonyeza, diski ikamjia mkononi. "Imetoka," akasema, "na sijaomba mtu." Akaichukua na barua yake, akapita katikati ya wale wanaume.

Sikudanganyi kwamba wameshinda. Kwale wameambiwa wangoje, na wanangoja wakiwa ndani ya njia yao, vinyago vimepangwa pale ukuta ulipotakiwa kupita.

Ba'mdogo alinipeleka kwa Kadhi. Mirathi ikagawanywa: mimi nusu, Mama thuluthi, yeye, kama ndugu wa marehemu Baba, sudusi iliyobaki, fungu moja katika sita. Nikamuuliza kama sudusi yake ataichukua kwenye kibodi au kwenye kipanya. Kadhi alijifanya anakohoa. Sasa huja dukani akitaka, namwamkia, namletea kahawa. Neno la siri simpi.

Lakini kuna jambo limenitia hofu, na sina mwingine wa kumweleza. Juzi mteja alinitolea maneno machafu, nikajikuta natamani diski yake ibanwe humo ndani hadi aniombe radhi. Amri ninazo. Ningeweza. Nilikaa nayo moyoni siku nzima, nikaona kumbe kiti hiki humgeuza yeyote anayekikalia. Asubuhi yake niliwaita wasichana wanaojifunza kuchapa, nikawafunza wote yale maneno mawili, ili nikimbana mtu wao wamfungulie. Ba'mdogo akisikia ataniita mwendawazimu, na aniite.

Lala kwa amani, Da Siti. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi hivi: hakuna atakayeingia dukani kwako akazuiwa kuondoka na kilicho chake, hata kama anayemzuia ni mimi.

Mdogo wako,
Mwanahawa