Alama Chini ya Bawa la Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Chepe (jina la kitambulisho limeandikwa kwenye jalada)
Umri: miaka 38
Kazi: kibarua wa ujenzi
Elimu: darasa la sita
Makazi: chumba cha tatu cha kupanga, nyuma ya karakana ya fundi wa vioo
Tarehe: 17 mwezi wa tatu, saa tano asubuhi

Nasema haya kwa hiari yangu, sikulazimishwa. Kwetu ni safari ya siku mbili kutoka hapa, na huu ni mwaka wa tatu sijarudi. Siku sita za wiki nabeba zege. Jumapili napumzika, na Jumapili ndizo zilizonileta kwenye jambo hili.

Chumba cha pili anaishi mzee ambaye wapangaji wote tunamwita Rubani. Ni utani tu, hajawahi kurusha ndege. Alikuwa fundi wa bodi za ndege kwa miaka thelathini na moja, akiyanyoosha na kuyang'arisha mabati yake. Sasa amestaafu, macho yake yameingia ukungu, na anaunda ndege ndogo za plastiki. Hii iliyo juu ya meza yako, afande, ndiyo ya mwisho. Daktari amemwambia macho hayatamfikisha kwenye nyingine.

Mnamo Jumapili tarehe 12 mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, nilipita mlangoni kwake nikamkuta akiipulizia rangi nyeusi ya kung'aa kwa kibunduki cha upepo. Nikamwambia, "Mzee, si ulisema ni ndege ya bati tupu? Mbona unaipaka lami?"

Akasema, "Mwanangu, kioo cha kujitazamia, mgongoni kina nini?"

Nikasema kina rangi nyeusi.

"Basi kaa, na usinizibie mwanga."

Nilikaa mpaka saa nane. Ule weusi ulipokauka akapuliza juu yake rangi ya alumini, nyembamba kama pumzi, mara tatu, kisha akaisugua kwa kitambaa laini. Plastiki ikawa bati mbele ya macho yangu. Nimebeba mabati mpaka bega limeota sugu, lakini sikuwahi kuliona bati likizaliwa.

Tangu siku hiyo sikukosa Jumapili. Mke wangu alinicheka kwenye simu: "Baba watoto, ulikwenda kutafuta maisha au kuchezea vya watoto?" Nilikuwa na maswali. Kwa nini rangi ipulizwe kidogo kidogo? Kwa nini bati la karibu na injini liwe jeusi jeusi? Rubani alinijibu yote. Siku moja nikamwambia ndege yake inang'aa yote sawasawa, kama sufuria ya dukani. Nikamweleza kuwa kule saiti, mabati mawili ya aina moja, ukiligeuza moja likalala kwa upana, jua linayaonyesha rangi mbili. Akacheka mpaka akakohoa. "Miaka yote ile nimeyashika, leo mbeba zege ndiye ananikumbusha!" Akaziba vipande kwa tepu, kimoja kimoja, akawa anasugua kimoja kwa urefu na jirani yake kwa upana. Kwa kuwa haoni vizuri, mimi ndiye niliyemwambia kipi kimeng'aa na kipi kimefifia.

Sharti lake lilikuwa moja: rangi ile isiguswe kwa mkono mtupu kabla ya kufunikwa na vanishi, kwa sababu jasho huila. Alinipa glavu za pamba.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa pili, saa tano hivi, Rubani alitoka kwenda kutia dawa ya macho. Nilibaki na ndege. Nilivua glavu ya kulia nikaweka dole gumba chini ya bawa la kushoto. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua kama itakuwa baridi kama bati. Haikuwa baridi. Nilipoinua mkono, alama ilibaki. Niliigeuza ndege kama ilivyokuwa, nikavaa glavu na kunyamaza. Rubani alirudi, na usiku ule akapuliza vanishi.

Mnamo tarehe 2 mwezi wa tatu fundi wa vioo alikuja kuichukua ili aipimie sanduku la kioo. Mimi mwenyewe nilimfungulia mlango.

Mnamo tarehe 14, saa tatu asubuhi, nilipeleka saruji kwenye ukumbi wa maonyesho, ngazi zinatengenezwa. Nikaiona ndege ndani ya kioo, na kibao kimeandikwa kuwa imeundwa na fundi wa vioo. Nilimwambia Rubani jioni ileile. Alikaa kitandani akizungusha kitambaa chake cha kusugulia. Kesho yake alikuja kushtaki hapa, nanyi mkaichukua ndege kutoka ukumbini.

Leo asubuhi, humu kituoni, fundi wa vioo alisema mbele yako, "Afande, kipofu na mbeba zege ndio waunde kitu kama hiki? Huyu mzee hata kijiko anakipapasa." Ukamuuliza Rubani kama ndege ina alama yoyote anayoijua. Akajibu, "Haina."

Hapo ndipo niliposema igeuzwe.

Alama iko pale, chini ya vanishi. Ina mstari wa kovu ulioenda mshazari, nilikatwa na waya wa kufungia nondo. Katikati haina mistari, kwa sababu saruji imekula vidole vyangu. Nilimwomba Rubani radhi kwa kumharibia kazi na kumficha.

Akasema, "Nilijua tangu siku ile."

"Kwa macho hayo hayo, mzee?"

"Si macho. Niliporudi hukuuliza swali hata moja mpaka jioni. Nikajua kuna kitu. Ulipoondoka nikachukua lenzi nikaitafuta, nikaipulizia vanishi juu yake."

"Na hapa mbona ulisema haina?"

"Jambo la kwako, kwa nini nilitaje mimi? Tena ungeona haya, ukaacha kuja."

Fundi wa vioo hakusema tena kuhusu vijiko.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo. Sina la kuongeza, ila kwamba ndege hiyo ni ya Rubani.

Sahihi ya shahidi: Chepe
Dole gumba la kulia: (limewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kama alivyoyasema, nikamsomea, akakubali ni sahihi. Alama ya chini ya bawa imepigwa picha na itapelekwa kwa mtaalamu pamoja na dole lililo hapo juu. Ndege itabaki kituoni mpaka majibu yatoke. Kabla ya kuondoka, shahidi aliomba lenzi atazame alama yake mwenyewe. Alipewa. Mlalamikaji alisimama kando yake akimwuliza imekaaje, naye akamweleza.