Inverlaggan, Mama wa Nyambizi za Rothesay

Mama Inverlaggan, meli yetu, mwaka umetimia tangu wakuvute kutoka ghuba ya Rothesay, huku Uskoti, kwenda kukatwakatwa uwe vyuma chakavu. Sisi wanao tulisimama gatini tukakupungia kofia, na wengine tulilia. Hatuoni haya kusema.

Ulianza maisha ukibeba nyama ya kondoo iliyogandishwa. Vita vilipokuja wakakupaka rangi ya kijivu, wakakujaza karakana, torpido na vitanda, wakakufunga hapa ghubani uzilee nyambizi. Ukazilea kweli. Tulikuwa tukirudi kutoka baharini tunanuka dizeli na soksi, hata mbwa wa gatini wanatukimbia, na wewe umeshatuwekea maji ya moto, barua zetu, na kakao nzito ya kusimamisha kijiko. Hukuwahi kutuuliza tumefanya nini huko chini.

Vita vikaisha, ukabaki palepale miaka na miaka. Mji ukaanza kukucheka. Walisema umekwama juu ya mlima wa makopo ya maziwa uliyoyatupa mwenyewe, na hutang'oka tena.

Kisha ikaja Januari ile. Nyambizi yetu, Sandling, ilizimikiwa na injini magharibi ya kisiwa cha Islay katikati ya dhoruba, ikawa inasukumwa kuelekea miambani na sisi wote ndani. Meli za kuvuta zilikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni wewe peke yako.

Ya gatini tuliyasikia baadaye. Ishbel Macfie, mwoka mikate, ambaye mumewe Neil alikuwa nasi ndani ya Sandling, alimwona Dugald Lamont, mkuu wa injini zako, akikimbilia mashua.

"We Dugald! Hilo lijumba lenu linaelea au limekaa?"

"Linaelea, shemeji."

"Usinidanganye! Neil wangu yuko huko!"

"Shemeji, nenda kaoke mikate. Mama anakwenda kumchukua mwanawe."

Mnyororo wa nanga ulipanda umejaa kome na mwani. Moshi wako mweusi uliharibu nguo zote zilizoanikwa mjini, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyegomba. Ukatikisika, ukaguna, ukaondoka.

Tulikuona mchana wa siku ya pili, mpana, mbaya wa sura, unayumba huku unakuja. Miamba tulikuwa tunaisikia. Wattie Kerr, mpishi wetu, akapiga kelele: "Jamani, bi mkubwa kaja mwenyewe!"

Kamba ya kwanza uliyoturushia ilikatika. Ukageuka katika mawimbi yale, jambo ambalo meli ya umri wako haikupaswa hata kulijaribu, ukatupa nyingine, ikashika. Ukatuvuta hadi nyumbani, hakuna aliyepotea.

Injini zako hazikupona safari ile, na wakubwa hawakuona haja ya kuzitengeneza. Tunajua ulichotoa kwa ajili yetu, Mama. Tulikupenda, na kila meli nzuri tuliyoiona baadaye tuliiona haina adabu uliyokuwa nayo wewe.

Hatujakusahau wala hatutakusahau. Unakumbukwa na Dugald Lamont na mafundi wako wote; Neil na Ishbel Macfie; Wattie Kerr na sisi wengine wa Sandling; pamoja na Effie Macfie, Torquil, mapacha wa Kerr, na watoto wetu wengine wote waliozaliwa baada ya Januari ile.