Chumba Kimoja cha Mwanangu

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, na nyumba aliyopanga mwanangu ungeiona ungeshika mdomo! Tunapanda kwa lifti, sakafu inang'aa, maji ya moto yanatoka ukutani. Chumba cha kulala ni kimoja tu, nacho nimepewa mimi. Mkewe, mjamzito wa leo kesho, analala kwenye kochi. Nikisema tubadilishane, mwanangu anang'aka: "Mama yangu alale sebuleni? Sitaki kusikia!" Jana nimemkuta mkwe anafungasha nguo arudi kwao, huku analia.

Nilipokuachia nyumba yangu nilitamba kwamba sirudi tena. Niambie mimi tu, mtu asijue: kile chumba cha nyuma, kitanda changu bado kipo?

Ni mimi dada yako, mpanda lifti.