Bastola ya Upepo ya Wifi

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo tu, na bomba la jikoni limeshatengenezwa. Lakini nimeketi nikupe habari za mkeo.

Mashindano ya kulenga shabaha yakiwa yamekaribia, bastola yake ya upepo ilianza kupoteza hewa. Akiijaza jioni, asubuhi geji, kile kipimo cha hewa, imeshuka. Kocha akamwambia, "Azima nyingine." Wifi akacheka: "Mkono wangu umeizoea hii."

Akaichomoa silinda ya hewa, akaizamisha kwenye beseni la maji, tukainama kuitazama. Nilishaanza kuchoka aliponibana mkono. "Wifi, ona!" Kiputo kidogo mno kilichungulia pale geji inapoungana na silinda, kikapanda, kikafuatwa na kingine. Akatoa hewa yote kwanza, akafungua kiungo, akatoa kijipete cha mpira kilichochakaa, akaweka kipya na kukipaka grisi kwa ncha ya kidole. Akaijaza tena. Asubuhi geji ilikuwa palepale. Kaka, nilimpigia makofi!

Siku ya mashindano alishika nafasi ya pili, akaingia fainali. Watu wakamzunguka kumpongeza, mmoja akauliza mumewe yuko wapi. "Yuko kazini, mbali," akajibu, bila kukusema vibaya. Mimi ndiye niliyeinamisha uso, maana najua uliondoka ukimwambia achague, wewe au bastola.

Fainali ni mwezi ujao. Kila mshindani hupewa tiketi mbili za jamaa zake. Moja kanipa mimi, ya pili hajampa mtu. Hakunituma nikuambie.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako